Umeme wa Paja, Usingizi wa Tangazo

Ukimuuguza mzazi aliyebadilishwa nyonga, simu yako itajua kabla ya majirani. Tafuta mara mbili tu habari za maumivu ya nyonga usiku, na matangazo yataanza kumiminika: vibandiko vinne, waya, na kiboksi kidogo chenye betri. Unabandika pajani, unawasha, misuli inaanza kuruka yenyewe. Ahadi huwa tatu, na mara nyingi zinakuja ndani ya sentensi moja. Misuli itarudi haraka, damu itatembea vizuri, na mgonjwa atalala usingizi mnono.

Leo nataka tuzitenganishe hizo ahadi. Zikikaa pamoja, ile yenye ushahidi huibeba mgongoni ile isiyo nao, na wewe mnunuzi unalipia zote kwa bei moja. Nitasema mapema ninaposimama: ahadi ya misuli ina ushahidi, ingawa mwembamba kuliko unavyoambiwa. Ahadi ya damu ina ushahidi kwa kifaa fulani na mgonjwa fulani. Ahadi ya usingizi ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo hiyo inayouza.

Misuli inazimwaje?

Nyonga ni mpira ndani ya bakuli. Kichwa cha mfupa wa paja kinazunguka ndani ya kishimo cha fupanyonga. Kikiharibika, daktari hukikata, huingiza shina la chuma ndani ya mfupa wa paja, huweka juu yake kichwa kipya, na upande wa pili huweka bakuli jipya. Operesheni ya kisasa imetokana na kazi ya John Charnley, daktari Mwingereza wa hospitali ya Wrightington, aliyeanza mwaka 1962 kutumia bakuli la plastiki ngumu aina ya polithini. Mwaka 2007 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyoiita operesheni ya karne, na ukimwona mtu aliyekuwa anatambaa kwa magongo mawili akipanda daladala mwenyewe, huwezi kubisha.

Lakini kiungo kipya hakitembei chenyewe. Kabla ya operesheni mgonjwa amekaa miaka akiukwepa mguu unaouma, kwa hiyo misuli imeshasinyaa. Halafu inakuja siku ya upasuaji: daktari anapita katikati ya misuli, panavimba, panauma. Na hapo kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Taarifa za maumivu na uvimbe zinapofika kwenye uti wa mgongo, mfumo wa neva unapunguza amri kwenda kwenye misuli inayozunguka kiungo. Mgonjwa anasukuma kwa nguvu zote, mguu unajibu nusu nusu. Siyo uvivu wake. Misuli ipo, ila swichi imeshushwa.

Ukilielewa hilo, wazo la umeme linaanza kuwa na mantiki. Kama amri haitoki juu, kwa nini tusiitie hapa hapa chini? Luigi Galvani wa Bologna aliuona mguu wa chura aliyekufa ukiruka kwa umeme, akachapisha kazi yake mwaka 1791. Kiboksi chako cha betri kinafanya jambo lile lile kwa adabu zaidi. Umeme unapita kwenye ngozi, unaamsha neva zinazoingia kwenye msuli, na msuli unakaza bila kusubiri ubongo.

Hapa ndipo tangazo linapokuruka. Msuli unaokazwa na umeme haufanyi kazi kama unaokazwa na wewe. Ukisimama mwenyewe, mfumo wa neva huanza na nyuzi ndogo zisizochoka haraka, kisha huongeza kubwa kadiri mzigo unavyozidi, na nyuzi hupokezana, hizi zikipumzika nyingine zinashika. Umeme haujui kupokezana. Unaita zile zilizo karibu na kibandiko, zote kwa pamoja, tena na tena zile zile. Ndiyo maana msuli unachoka upesi. Na ndiyo maana dakika 20 za umeme si sawa na dakika 20 za mazoezi, hata kama paja limeruka mpaka ukacheka.

Ushahidi wa misuli: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Historia ya kifaa hiki ina somo la unyenyekevu. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kisovyeti, Yakov Kots, alieleza kwamba kwa umeme aliongeza nguvu za wanamichezo hadi asilimia 40. Alipofika Montreal mwaka 1977 kueleza mbinu yake, dunia ilisisimka kuliko misuli yenyewe. Watafiti wa Magharibi walijaribu kurudia, na wengi hawakuona faida kubwa kiasi kile. Tangu hapo kila kizazi kinaigundua upya, kwa boksi jipya.

Kwa wagonjwa wa upasuaji, ushahidi ulio mzuri zaidi unatoka kwenye goti. Mwaka 2012 Jennifer Stevens-Lapsley na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 66 waliobadilishwa goti. Waligawanywa kwa kura: kundi moja mazoezi ya kawaida, jingine mazoezi yale yale pamoja na umeme kwenye misuli ya mbele ya paja, mara mbili kwa siku kwa wiki 6, kuanzia saa 48 baada ya upasuaji. Baada ya wiki tatu na nusu kundi la umeme lilikuwa na nguvu zaidi na lilitembea vizuri zaidi. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa imepungua, lakini ilikuwa bado ipo. Hiyo ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo.

Soma tena, lakini: goti. Na soma tena: pamoja na mazoezi. Kikundi cha Cochrane, ambacho kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa mizani moja, kiliangalia umeme wa paja kabla na baada ya kubadilishwa goti mwaka 2010 na kupata tafiti mbili tu zilizofaa. Hitimisho lao lilikuwa kwamba jibu haliko wazi. Huo utafiti wa 2012 ulikuja baada yake na uliongeza uzito, ila goti limebaki kuwa goti.

Sasa twende nyongani kwenyewe. Mwaka 2008 Vincent Gremeaux na wenzake huko Dijon, Ufaransa, walichapisha utafiti wa wazee 29 waliobadilishwa nyonga. Wale wa kundi la umeme walipewa saa moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5, juu ya mazoezi ya kawaida. Nguvu za kunyoosha goti upande uliopasuliwa ziliongezeka kwa asilimia 77, wakati kundi jingine liliongeza asilimia 23. Namba tamu hizi, na ukiwa muuzaji utaishia hapo. Lakini makala inaendelea: katika vipimo vya kutembea makundi mawili yalikwenda sawa, na siku za kukaa kituoni zilikuwa sawa pia.

Hebu jiulize, mzazi wako anataka nini? Anataka kunyoosha goti dhidi ya mashine, au anataka kufika chooni usiku bila kushikwa mkono? Kipimo cha maabara kinaweza kupanda na maisha yakabaki pale pale. Simaanishi kipimo ni bure. Tangazo linaloonyesha la kwanza na kunyamazia la pili limekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Utafiti ambao ningependa kila muuzaji abandike ukutani ulifanyika Copenhagen na kuchapishwa mwaka 2004. Charlotte Suetta na wenzake walichukua wagonjwa 36 wa nyonga, wa umri kati ya miaka 60 na 86, wakawagawa makundi matatu kwa wiki 12: mazoezi ya kawaida, umeme, na mazoezi ya kubeba uzito yanayoongezwa hatua kwa hatua. Kundi la uzito ndilo lililoongeza unene wa misuli ya paja, kwa takriban asilimia 12. Pia lilikaa hospitali wastani wa siku 10, wakati lile la kawaida lilikaa siku 16. Kundi la umeme lilipata nafuu fulani katika shughuli kama kutembea na kuinuka, kitu ambacho kundi la kawaida halikupata, lakini misuli haikunenepa.

Kwa hiyo umeme ulishinda mazoezi mepesi ya kitandani, ukashindwa na chuma. Kama unatafuta mstari mmoja wa kukumbuka kwenye makala hii, chukua huo.

Kuna na hoja ya anatomia ambayo sioni ikizungumzwa. Tafiti zote mbili za nyonga nilizotaja ziliweka umeme kwenye paja, na ya Dijon iliongeza ndama ya mguu. Sababu inaeleweka, paja lina nafasi na ni rahisi kubandika. Lakini msuli unaozuia kiuno kisianguke upande mmoja unapoinua mguu, ule unaoamua kama mtu atachechemea au la, uko pembeni ya nyonga, kwenye makalio. Umekaa karibu na kidonda na mara nyingi umefunikwa na mafuta, na umeme wa kufika kule unaweza kuuma. Tunawasha taa sebuleni wakati kilichopotea kipo jikoni.

Na damu je?

Hapa niwe mfupi. Baada ya upasuaji wa nyonga, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, na bonge likikatika likafika mapafuni linaua. Msuli wa ndama ukikaza unasukuma damu juu, kwa hiyo kuukaza kwa umeme kuna mantiki. Mwaka 2014 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilikubali kifaa kimoja kinachosisimua neva iliyo karibu na goti kitumike kwa wagonjwa walio katika hatari, pale ambapo njia nyingine za kuzuia mgando hazifai. Angalia masharti yake: kifaa kimoja kilichochunguzwa, pale ambapo njia nyingine hazifai. Hakuna aliyesema acha sindano au vidonge vya kuzuia mgando ulivyoandikiwa, ukanunue boksi mtandaoni.

Usingizi: ahadi iliyodandia

Usingizi baada ya kubadilishwa nyonga huvurugika kweli, hilo si la kubuni. Mwaka 2012 Lene Krenk na wenzake nchini Denmark walipima usingizi wa wagonjwa 10 wa nyonga na goti kwa mashine inayosoma mawimbi ya ubongo. Kabla ya upasuaji, usingizi wa ndoto ulikuwa takriban asilimia 18 ya usiku. Usiku wa kwanza baada ya upasuaji ulishuka chini ya asilimia 2. Usiku wa nne, wakiwa nyumbani, ulikuwa umerudi.

Sasa fikiria. Mtu ametoka hospitali siku ya tatu. Siku ya nne kifaa kinafika kwa bodaboda. Anabandika jioni, analala, anaota ndoto kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Asubuhi anaandika sifa tano za nyota, na haongopi hata kidogo. Ameona kweli alichokiona. Ila ndoto zake zingerudi hata kama boksi lingekwama njiani.

Baada ya siku hizo za mwanzo wapo wengi wanaoendelea kulala vibaya kwa wiki kadhaa, na sababu zake zinajulikana. Maumivu. Kulazimika kulala chali na mto katikati ya miguu wakati umezoea ubavu miaka 60. Dawa kali za jamii ya morfini, ambazo zinaleta kusinzia lakini zinabana usingizi mzito na wa ndoto. Kulala mchana kwa sababu hakuna la kufanya. Kila sababu hapa ina dawa yake: kupanga upya saa za vidonge vya maumivu, kuamka na kutembea mchana, kumuuliza daktari ni lini ataruhusiwa kulala ubavu. Hakuna hata moja ambayo jibu lake la moja kwa moja ni msuli wa paja kuruka.

Nitajaribu kuwa wakili wa upande wa pili, kwa sababu hoja yao bora si ya kijinga. Inaweza kwenda hivi: umeme unapunguza maumivu, maumivu yakipungua dawa kali zinapungua, dawa kali zikipungua usingizi unarudi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia yao ya lango: hisia nyingine zikifika kwenye uti wa mgongo zinaweza kubana njia ya taarifa za maumivu. Na mwaka 2012 watafiti wa China walichapisha utafiti wa wazee waliobadilishwa nyonga, ambao umeme kwenye vituo vya akupancha ulipunguza kiasi cha fentanyl walichohitaji. Pingili mbili za mnyororo zipo.

Tatizo ni kwamba pingili si mnyororo. Umeme uliotumika kupunguza maumivu haukulenga kukaza msuli wa paja, na fentanyl iliyopungua si usingizi uliopimwa. Wauzaji wananufaika na ukungu wa majina. Kuna vifaa vya TENS, vinavyotekenya neva za hisia kwa ajili ya maumivu. Kuna EMS, vinavyokaza misuli. Na kuna vifaa vinavyopitisha umeme mdogo kichwani, ambavyo ndivyo FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inavyovitambua kwa kukosa usingizi, na mwaka 2019 ilivipangia masharti maalumu. Ukienda kwenye matumizi ambayo FDA huyaruhusu kwa vifaa vya kukaza misuli, utakuta kulegeza mkazo, kuzuia msuli kusinyaa, kuongeza mzunguko wa damu, kuufundisha msuli upya, kulinda upana wa mwendo wa kiungo, na kukaza ndama baada ya upasuaji ili kuzuia mgando. Usingizi haumo.

Mtu atakayetaka kunishawishi afanye hivi: wagonjwa wa nyonga wagawanywe kwa kura, wengine wapate umeme unaokaza msuli, wengine wapate mtekenyo mdogo usiokaza kitu lakini unaosikika, maana bila hivyo kila mtu atajua yuko kundi gani. Dawa za maumivu zihesabiwe kidonge kwa kidonge. Usingizi upimwe kwa kifaa, usiulizwe kwa mdomo tu. Na waanze kupima kabla ya upasuaji. Si gharama ya kwenda mwezini hiyo.

Na kwetu?

Jambo la mwisho kwenye mizani ni nani aliyepimwa. Wagonjwa wa Copenhagen na Dijon ni wazee wa Ulaya. Huku kwetu picha ni nyingine. Malawi, iliyoanzisha rejesta yake ya kitaifa ya viungo bandia, iliripoti mwaka 2009 kwamba sababu kuu ya kubadilisha nyonga ilikuwa kufa kwa kichwa cha mfupa kwa kukosa damu, na si kulika kwa kiungo kwa uzee. Selimundu, ugonjwa tunaoufahamu vizuri Tanzania, ni moja ya sababu za mfupa kufa hivyo, na huwapata watu wakiwa bado vijana. Kijana wa miaka 30 anayetaka kurudi kazini, ambaye paja lake linaweza kubeba uzito, ana sababu ndogo zaidi ya kulipia umeme badala ya mazoezi. Bibi wa miaka 82 asiyeweza hata kukaza paja kitandani ndiye ambaye umeme unaweza kumfaa wiki za mwanzo, kama daraja la kumfikisha kwenye mazoezi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, gawanya bei ya kifaa kwa gharama ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia mara moja. Jibu utakalopata ndilo idadi ya siku ambazo mtu aliyesomea angemsimamia mgonjwa wako, angemwongezea uzito, na angemwona anavyochechemea. Kama mtaalamu huyo mwenyewe atasema aongezewe umeme, sawa, hapo unanunua kwa sababu.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri mjadala. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asibandike kabla ya kuzungumza na daktari wake wa moyo. Usibandike juu ya kidonda, wala kwenye ngozi isiyo na hisia. Chuma kilicho ndani ya nyonga si kikwazo chenyewe kwa umeme huu mdogo, tofauti na mashine za diathemi zinazopasha joto ndani ya mwili, ambazo kwa chuma ni hatari. Usipandishe nguvu ukidhani zaidi ni bora: mwaka 2016 madaktari wa Israel waliandika kwenye BMJ kuhusu misuli iliyovunjika na kumwaga sumu kwenye damu baada ya umeme wa mwili mzima.

Kubwa kuliko yote: ndama ikivimba upande mmoja, ikauma, ikawa ya moto, usiichukulie kuwa ni uchovu wa misuli unaohitaji kutekenywa. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Zima kifaa, bandua vibandiko, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na akianza kukosa pumzi au kifua kikamuuma usisubiri hata dakika. Hapo suala la kama analala vizuri litajadiliwa baadaye, akiwa hai.